Uzi wa Nta

Kiborloni, penye mafungu ya mitumba,
nina kibanda cha mabati, kigoda, na msharasi mmoja.
Nashona viatu. Ila Alhamisi ikifika
watu hukumbuka Jumapili, na Biblia zilizovunjika mgongo
huja kwangu zimefungwa kwa khanga, kwa mpira wa baiskeli;
moja ililetwa ndani ya mfuko wa mbolea.

Mwinjilisti Ndetaulwa hunisimamia kama askari magereza.
"Usiguse ukingo kwa mkasi, fundi.
Kila nukta humo imeshuka kutoka juu.
Chomoa msumari mmoja, nyumba yote ni kuni."
Namwitikia. Nyumba yangu mwenyewe imesimama
na misumari yake mingi sijui ilikwenda wapi.

Mama Filomena wa Kibosho huipakata yake kama mtoto aliyeshiba.
Nene. Ina Tobiti ndani, na mbwa wake.
"Wenzetu, vile vitabu saba mliviacha kituo gani?"
Huuliza hivyo kila mara, hucheka kabla ya jibu.
Kisha hushusha sauti: "Kanisa lilitangulia kitabu, baba,
kama mama anavyotangulia cheti cha kuzaliwa."

Na Aminiel, aliyerudi kutoka chuo na miwani,
kaleta ya marehemu baba yake, mwalimu Kirenga.
"Wanasema Musa ndiye aliyeandika.
Basi kifo cha Musa alikiandika nani?
Maiti haishiki kalamu.
Ni watu, fundi. Walipenda, waliogopa,
pengine walikosea hesabu."
Halafu, alipodhani sioni,
aliinusa.

Mimi sikusoma theolojia. Nasoma uchafu.
Mafuta ya vidole hayajui kudanganya:
Walawi kweupe, kwa wote watatu, kama shuka la wageni;
Zaburi nyeusi, zimelegea.
Ya mwinjilisti, asemaye kila nukta ni sawa,
imechakaa ukurasa mmoja tu,
pale Ayubu anapoilaani siku ya kuzaliwa kwake.
Sikumuuliza. Nilipaka gundi.

Wiki jana mvua iliwabana wote watatu kwangu,
ubishi ukapanda hadi ukashindana na mabati,
ndipo akaingia Bibi Aikaruwa wa Uru,
jalada mkono huu, kurasa mkono huu.
Katikati, jani la sale, kavu,
limeacha kivuli chake cha kahawia juu ya maneno.

"Nilitoe?"
"Shona nalo."
Ndetaulwa akaruka: "Kuongeza hairuhusiwi!"
Mama Filomena akaguna: "Kwani kupunguza ndiko kunakoruhusiwa?"
Aminiel alikuwa ameinama, anautazama ukurasa.

Bibi akaketi juu ya gunia la soli.
"Kusoma sijui. Shemeji yangu alinisogezea mpaka wa kihamba,
miaka kumi na mmoja hatusalimiani.
Siku alipoleta sale hili kuomba radhi,
mjukuu alikuwa akinisomea habari za wale ndugu pacha
waliokimbiana, wakaja kukutana wakilia.
Nikaliweka hapo hapo.
Aliyeandika mimi sikumwona.
Lakini alikijua kihamba changu."

Hakuna aliyejibu. Mvua tu.
Nikapitisha msharasi, na uzi wa nta nyuma yake,
katikati ya jasho, wino, jani.
Jani likatoa mlio mdogo,
kama mtu aliyetaka kusema akajizuia.

Nilimdai elfu tano.
Alinipa elfu mbili na maparachichi matatu,
akasema zilizobaki nimwandikie.
"Niandike wapi?"
"Popote," alisema, akijifunika mfuko kichwani.
"Wewe nakuamini."