Saa za Nchi Kavu

Wenzetu wa melini waliteremka Kilindini
wakafuata kibendera cha kijana wa matembezi
hadi ngomeni, hadi dukani kwa vinyago.
Sisi tulipanda treni ya usiku.
"Ngome nimeziona," alisema Makame.
"Nataka uone dirisha langu."

Miaka arubaini na moja nimeolewa na dirisha hilo.
Kule Chake, umeme ukikatika, hulifungua:
mbao ya kijani, kioo cha juu kina ufa,
na chini yake, hatua ishirini tu, reli,
na treni ya mizigo ipitayo saa kumi alfajiri
ikitikisa kikombe cha chai
mpaka kijiko kicheze.
Wanetu walibembelezwa kwa treni hiyo,
wao ambao hawajaona hata behewa.

Nairobi ilitupokea kwa baridi ya kung'ata masikio.
Nilijitanda khanga mbili, nikavaa soksi zake.
Kwenye makumbusho ya reli
aliweka kiganja juu ya chuma cha garimoshi kuukuu
kama apimaye mtoto homa.
"Huyu nilikuwa namwandikia stakabadhi za mafuta."
Mlinzi akatutazama mikononi,
bangili za plastiki za meli, namba ya chumba,
akauliza kwa upole
tumetoroka hospitali gani.

Juu ya paa la jumba la mikutano
mwewe walikuwa wakizunguka chini yetu.
Akanyoosha mkono: kule, mashariki.
Mimi niliona mabati.

Makongeni, teksi ya Ndegwa ikagota penye tope.
Mlango tuliukuta. Namba ni ile ile.
Nekesa alikuwa anachambua sukuma kwenye ungo;
naye akaulizia hospitali, tukacheka, tukaingia.
Kitanda, pazia, jiko la gesi,
na kuta nne, nzima, pande zote.

Makame akazunguka akigonga plasta kwa kidole
kama mwenye nyumba atafutaye mchwa.
"Dirisha?" alisema Nekesa. "Humu?
Mama mkwe wangu alikufa akiwaandikia barua
waje watoboe walau tundu."

Nikamwona mume wangu akipungua ndani ya koti.

Sikuumia kwa uongo.
Nilikuwa napiga hesabu: miaka ishirini na miwili,
mtoto wa kisiwani, mshahara wa karani,
taa imezimwa kubana mafuta,
na kitu kikubwa kinapita nyuma ya ukuta
kila alfajiri, hakioni.
Wewe ungefanyaje?

Na kweli kikapita.
Sakafu ikaguna, mabati yakaitikia,
na kikombe cha Nekesa, pale juu ya stuli,
kikaanza kulia kwenye kisahani.
Kijiko kikacheza.

"Kile kioo cha juu," nikasema,
"mpaka leo hawajakitengeneza."
Makame akanitazama. Akatazama ukuta.
"Wavivu hao," akasema, taratibu,
"niliwaambia tangu mwaka ule."

Nje Ndegwa akapiga honi:
treni ya saa tisa haisubiri mtu, wala meli.
Nekesa hakusema neno.
Alisogeza kiti chake kando kidogo,
asituzibe.