Koti la Kongowea

Koti nimelinunua Kongowea, kwa Kache wa mitumba,
jekundu, zito kama mtoto aliyesinzia begani.
Novemba, saa saba mchana,
nimelifunga zipu hadi kidevuni nione kama lanitosha,
na wauza vitunguu wameshika mbavu:
"Dada, wenda kulala na barafu ya samaki?"

Kwenye zipu chaning'inia kikaratasi kigumu,
kimekazwa kwa waya, hakikatiki kwa jino.
Jina la mlima. Tarehe ya Februari, miaka minane nyuma.
Kache alitaka kukikata. Kiache, nikamwambia.
Si mji ninaokwenda mimi, nimetazama kwenye simu:
ni bonde la pili yake, saa moja kwa basi.
Basi ni kama jirani.
Koti larudi kwao, wala halikuombewa viza.

Miaka kumi na mmoja nimetandika vitanda Shanzu.
Najua kukunja taulo likawa bata mwenye shingo.
Najua, kwa jinsi mito ilivyolala,
nani jana kagombana na mkewe.
Najua mchanga unavyojificha katika upindo wa shuka
ukangoja pasi ndio utoke.
Kisha mwenye hoteli akauza,
aliyenunua akafunga geti,
bwawa tukawaachia vyura.

Sasa naitwa na hoteli ya vyumba ishirini na vinne
katika mji wa watu mia tisa:
kanisa moja, duka la dawa moja,
na theluji ikianguka, wageni elfu sita.
Kazi ni ile ile, alisema wakala
ofisini kwake ghorofani, Barabara ya Digo.
Nikamuuliza: na taulo, wao hukunja bata?
Akapekua fomu, mbele na nyuma.
Hapakuwa na mahali pa kujaza hilo.

Mama alikuwa akihesabu vidonge vya presha
juu ya kifuniko cha jagi.
"Wenda nti ya watu, ukatandike vitanda vya watu.
Na chako?"
Sikuwa na jibu, na yeye hakulingoja;
hesabu ilikuwa imempotea,
akaanza tena, moja, mbili.

Nyevu ana miaka sita. Alitaka kujua
theluji yanuka nini.
Nikampeleka dukani kwa Mzee Athmani,
tukaomba tufunguliwe friji,
akatia kichwa chote ndani, akakaa humo
mpaka mwenye duka akakohoa.
"Yanuka samaki," akasema.
Sikumbishia. Sijui.

Usiku wa mwisho koti nililitundika nyuma ya mlango.
Feni ikigeuka upande ule, mikono yainuka kidogo,
ikigeuka huku, yashuka.
Sikulala. Tulitazamana.

Uwanja wa ndege, mzani ukasema kilo mbili zimezidi.
Nikatoa dagaa? Nikatoa bizari ya mama?
Nikavaa koti.
Nikasimama foleni, jasho lanishuka mgongoni
kama anayepelekwa hospitali,
kikaratasi cha mlima chagonga zipu, tik, tik,
na mbele yangu watalii wenye ngozi iliyobabuka
wanaorudi makwao na kaptula.

Askari akapapasa mfuko wa kushoto, akasita.
Akatoa kitambaa cha kufutia uso,
cha manjano, kimekunjwa, kimekunjuka, kimekunjwa tena,
mkia upo, mabawa yapo kwa kukisia,
shingo imeanguka.

"Ni nini hiki?"

"Ni bata," nikasema.