Daktari wa Kuku

Huku kwetu Maziwang'ombe mtandao una pahala pamoja:
barazani kwa Mbarouk, pembe ya kushoto,
baina ya gunia la mchele na ndoo ya mafuta ya taa.
Ukisogea hatua mbili, sauti inakwenda na kurudi
kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

Basi kila Jumanne, saa nne,
nilikung'uta vumbi la kokoto mikononi
nikenda kukaa hapo na simu ya kituo cha afya,
aliyonikabidhi nesi Raya,
na macho ya mtaa mzima mgongoni.

Daktari Thuwaiba yuko Unguja.
Uso wake, haujai kiganja changu,
unakwama, unavunjika vipande vya rangi, unarudi.
Siku ya kwanza aliniuliza: "Unalala, Mize?"
Nikatazama. Mbarouk anapima sukari,
watoto watatu wametumwa chumvi,
Bi Kazija kasimama, hanunui kitu.
Nimwambie nini? Huku ukisema kichwa,
kufika magharibi ushavuliwa nguo:
una shetani, umefanyiwa, usiachiwe kisu.
Nikajibu, "Kuku wangu halali."

Watu wakacheka. Kuku gani asiyekuwa halali!
Daktari hakucheka.
Akanyamaza kidogo, kisha:
"Anakula?"
"Anadonoa."
"Anatoka bandani?"
"Mpaka afukuzwe."
"Na kisimani, anasogea?"
Hapo nilichelewa.
"Wiki hii, mara moja."

Ndivyo tulivyokwenda.
Vidonge vikawa punje: moja, baada ya isha.
Mtaa ukaridhika. Wakaniita Mize wa Kuku,
mimi nisiye na hata kifaranga.
Wapo walioniuliza dawa ya kideri;
nikawaambia majivu na pilipili, wakashukuru.

Mpaka Jumanne moja ya mvua, bati likipiga kelele,
nikasema nisilowahi kulisema
kwa mama, kwa mume, wala kwenye sijida:
"Daktari, kuku huyu alitaga.
Yai likavunjika siku ya sita.
Ya saba tulikuwa tumpe jina."

Nikasikia ulimi ulivyoteleza.
Tumpe. Si tulipe.

Simu kimya. Nikadhani mtandao umekata.
Kumbe yuko, anapangusa miwani.
"Jina gani?" akauliza.
Nikalitamka. Hapa silirudii.
Nyuma yangu mizani ya Mbarouk ilikoma kulia.

Siku hiyo hakusema neno.
Ijumaa, akinifungia robo ya sukari,
akainama juu ya meza:
"Mize, nami n'na jogoo."
"Ana nini?"
"Hawiki. Alfajiri yu macho, mdomo wazi, hawiki."
Nilitaka kumwambia pole. Nilitaka kumwambia majivu na pilipili.
Nikamuuliza kama ninavyoulizwa: "Tangu lini?"
Akahesabu kwa vidole,
akaanza upya, vidole havikumtosha.
Nikaichukua kalamu sikioni mwake,
nikamwandikia namba kwenye karatasi ya sukari.

Sasa Jumanne yangu ikifika
Mbarouk hufungulia redio mpaka mwisho,
bei ya karafuu, matangazo ya vifo, chochote,
asisikie mtu, hata yeye.
Bi Kazija analalamika: kelele gani hizi,
mtu hasikii hata anachosengenya!

Alkhamisi pembe ile ni yake.
Anakaa, anavuta kofia mbele, anasubiri uso urudi.
Mimi ndiye nakaa dukani, nawapimia watu sukari;
na kile kitufe cha redio
nimejifunza kukizungusha
bila kugeuka nyuma.