Pete Seti Nne

Ilichemka tukipanda Riat,
ikazima, mitungi ya maziwa bado imejaa.

Obware wa Kondele ameifunua hedi. Imepinda.
Bolti anazitia kwenye kopo la Kimbo
mojamoja, kama ahesabuye mbegu.
"Mpya huiwezi," asema. Si swali.
Basi anapekecha valvu kwa viganja
kama apekechaye moto,
adhuhuri nzima, hainui uso.

Usiku Akeyo aikunjua risiti:
"Pete, seti nne. Za nani?"
Za pistoni, nasema.
Miaka tisa, kidole chake kitupu.

Ijumaa ikakohoa,
ikatema moshi, ikashika.
Koponi ikabaki nati moja.
"Haina kazi hiyo," fundi akasema,
akifuta mikono, hatutazami.

Akeyo akaijaribu kidoleni.
Haikupita kifundo.