Herufi Moja

Asubuhi Kibokoni, sinia la mahamri,
Yamepangika sitini, bei kumi, sio siri.
"Shekue, twika kichwani, uza, rudi adhuhuri,
Na mkopo sitamani, hata kwa Bwana Omari!"

Karudi na mia tano, ishirini juu yake,
Na manne, si matano, yalokosa mla wake.
Nami, kitabu na wino, herufi moja niweke,
Izibe pengo la meno, nijue idadi yake.

Kwenye sitini natoa nne, na herufi pili;
Yalouzwa yatokea ni hamsini na mbili.
Nne! Nikashangilia; mama kajua awali:
Iliki yamnukia Shekue kila kauli.