Sauti ya Tatu

Kutaisi, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
daktari wa meno Lamzira Gvelesiani
ana viti viwili, keekee moja yenye mlio wa nyigu,
na nyimbo elfu moja mia nne na kumi na tatu
ndani ya kompyuta iliyofutika herufi.

Alhamisi iliyopita alikuwa ndani ya gego la mwalimu wa hesabu.
Piano ilikuwa ikinong'ona. Akaiongeza kidogo, kwa kiwiko.
Piano ikaisha,
zikaingia tarumbeta za harusi kama wadai,
mwalimu akaruka,
pamba ikalowa damu.
Halikuwa jeraha kubwa. Lilitosha.

Basi leo Jumamosi, mlango umefungwa,
mvua inagonga mabomba ya bati,
Lamzira anazipanga nyimbo mstari mmoja
kama watoto wa shule wanaopimwa kimo.
Mashine inausikiliza kila mmoja tangu mwanzo hadi mwisho,
haichezi, hailii, haigongi kidole mezani,
inaandika namba tu:
huu punguza desibeli sita,
huu ongeza mbili,
huu wa vijana wa siku hizi punguza kumi,
umebanwa ukabanwa hadi hauna pa kuvutia pumzi,
kila ala imesimama mbele, hakuna iliyokubali kukaa nyuma.

Anakubali. Anakubali. Anakunywa chai.
Mara moja tu anakataa:
ule wimbo mfupi wa filimbi, katikati ya santuri ya ngoma,
mashine inataka kuuinua ulingane na majirani zake.
Hapana, anasema kwa sauti, peke yake chumbani,
huo uliwekwa chini makusudi,
ngazi ndefu lazima iwe na pa kupumzikia.
Anabonyeza: pima santuri nzima, si wimbo mmoja mmoja.

Saa nne usiku, mkiani mwa orodha,
wimbo wa chini kuliko zote.
KANDA YA MJOMBA, UPANDE WA PILI.
Anadhani mashine imekosea.
Huyu ni baba yake, Severian,
ambaye akiimba glasi zilitetemeka kabatini,
aliyewahi kufukuzwa wodini kwa kunong'ona.
Mashine haimjui. Inajua tu
kilichofika kwenye kinasasauti
ambacho mjomba alikificha ndani ya koti,
na koti likaning'inia msumarini, huko jikoni.

Ongeza kumi na moja, inashauri.
Anaongeza.

Baba anakuja, ndiyo. Lakini haji peke yake:
unakuja mchakacho wa kanda, kama mafuta yanayokaanga,
kiti kinachoburutwa,
mbwa,
kikohozi cha mtu asiyemkumbuka,
na katikati ya ubeti wa pili
sauti ya mwanamke, karibu kabisa na koti,
inaomba chumvi.
Lamzira anarudisha nyuma.
Inaomba chumvi.
Miaka yote aliyousikiliza wimbo huu
hakujua kuwa mama yumo.

Kipo kitufe cha kusafisha uchafu wa kanda.
Kidole kinakaa juu yake kitambo,
kisha kinakwenda kuzima taa.

Jumatatu mwalimu wa hesabu amerudi,
mishipa ya shingo imemsimama.
"Leo hazitakushtua," Lamzira anamwambia. "Nimezipima."
Piano. Kisha tarumbeta, zenye adabu ya wageni.
Wimbo wa saba ni ile kanda.
Wanaimba wawili, baba juu, mjomba kati;
mwenye sauti ya tatu aliachwa na basi usiku ule,
na pengo lake limebaki wazi miaka thelathini na minane.

Mwalimu ana pamba mashavuni, mrija wa mate mdomoni,
taya limeachama, hawezi hata kutaja jina lake.
Lakini sauti ya chini haihitaji midomo.
Inatoka kifuani, noti moja, ndefu,
inaingia chini ya baba
kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi.

Keekee iko hewani. Lamzira anaiacha hapo hapo
hadi ubeti uishe,
hadi chumvi iombwe.