Namba Tano, Mashine ya Pili

Sikuwahi kumwona akicheza.
Jumamosi saa tisa alasiri nilikuwa chini ya jukwaa,
hapa Grimsby, mabomba yakitoka jasho,
nikisikiliza miguu ya watu elfu sita juu ya dari.
Kwa mshindo wao nilijua nani kakosa, nani kaokoa.
Yaliyobaki jezi ilinisimulia.

Clifford Sowerby, beki wa kati,
mtoto wa mpasua samaki wa bandarini,
alikuja ana miaka kumi na saba, shingo nyembamba kama mwiko.
Jezi yake ya kwanza ilirudi na tope mgongoni.
Nikasema: huyu anaangushwa.
Msimu wa pili tope likahamia mbele,
kifuani, tumboni, mpaka kwenye kola.
Nikasema: haya, sasa anaangusha.

Kisha ikaja damu.
Damu haitaki maji ya moto,
maji ya moto huipika ikang'ang'ania uzi milele.
Maji baridi, chumvi, na subira.
Nyusi yake ya kushoto ilipasuka mara tisa,
nilizihesabu kwenye kola; mishono sikuiona.
Kocha Hebden alimwita ukuta.
Sawa. Lakini mimi sijapata kuuona ukuta
unaoacha nusu sandwichi mfukoni mwa bukta.

Magoli manne kwa miaka kumi na minne.
Moja alijifunga, siku ya mvua ya mawe:
mpira ukamgonga goti, kipa kashatoka,
na dari langu likanyamaza kama nyumba yenye mgonjwa.
Wiki ile namba tano haikuletwa.
Niliikuta Jumatano kwenye pipa la taka nyuma ya bafu,
imekunjwa vizuri, mikono ndani,
kama ambavyo mama yake angeikunja.
Nikaifua, nikaitundika. Jumamosi akaivaa bila neno.
Jumatatu, kwenye kizingiti cha dirisha langu,
palikuwa na hadoki mmoja mnene
ndani ya gazeti lenye picha ya lile goli.

Wakamuuza Sheffield.
Miaka mitatu nikamsikia redioni tu,
jina lake likitajwa haraka haraka
kama mtu anayeruka dimbwi.
Alirudi hapa mara moja na rangi za wageni,
bega la jezi limechanika kabla ya mapumziko,
na mtunza vifaa wao hakuwa na sindano.
Akateremka ngazi mwenyewe, kifua wazi,
mvuke ukimtoka kama farasi wa muuza maziwa:
"Bi Edna, ni mimi."
Nikamshonea adui kwa uzi wetu.
Tulifungwa mbili bila.
Wa juu hawajui hilo, na usiwaambie.

Aliporudi moja kwa moja, goti lilikuwa limekwisha.
Ngazi alizipanda ubavu ubavu, kama kaa.
Fundi wa nyasi alinieleza kwamba beki mzee
hakimbilii mpira, hukimbilia kosa,
humtangulia kijana mahali ambapo kijana
hajajua bado kwamba atapotea.
Huenda. Mimi niliona tu tope likipungua,
na harufu ya dawa ya kuchua ikizidi.

Mechi ya mwisho ilikuwa Mei, jua la kushangaza.
Wakamwingiza dakika ya themanini na saba.
Huko juu walisimama wote; nilijua
kwa chokaa iliyodondoka kwenye chai yangu.
Mpira haukumfikia.

Jezi ikaletwa juu ya rundo,
kavu, na mikunjo ya pasi yangu mwenyewe mikononi.
Niliinusa kwapani: sabuni.
Sina desturi ya kufua kisicho kichafu,
umeme wa klabu una mwenyewe.
Nikaitia mashine ya pili, peke yake,
maji baridi, chumvi kidogo,
nikageuza ndoo, nikaikalia,
nikaitazama ikizunguka.